Mmemlilia ndege, na nondo je?

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni mlinzi wa usiku, kazi niliyoifanya kwa miaka 19 sasa, na gazeti lako hulisoma likiwa limeshapita mikononi mwa watu wa mchana na kuachwa kwenye meza ya mapokezi. Kwa hiyo nisamehe kama jambo ninaloliandikia umeshalisahau. Mlitoa habari ya ndege wa Australia ambaye madume wake wachanga hawaujui tena wimbo wa wazee wao. Niliisoma mara tatu usiku ule, mara ya tatu kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kunisikiliza. Iliniuma. Nawashukuru kwa kuiandika.

Nilipolikunja gazeti nikainua macho, na pale juu kwenye taa ya geti walikuwepo nondo, kama kila usiku. Nikajiuliza mbona nchi hiyohiyo ya Australia ina nondo aliyepatwa na msiba wa kutisha, na sijawahi kuona hata mstari mmoja juu yake gazetini. Habari zake ninazo kwa sababu binti yangu anasomea viumbe hai chuoni, na kila anapokutana na jambo linalohusu nondo hunitumia kwenye simu, akijua kwamba hao ndio wenzangu wa zamu. Ninachotaka kusema ni kimoja: ndege yule na nondo huyu wanaumwa ugonjwa mmoja, na tukimtazama ndege peke yake tutauelewa nusu tu.

Nianze na ndege, kwa vile wasomaji wameshamjua. Jina lake la kitaalamu ni Anthochaera phrygia. Jina la Kiswahili sijalikuta, basi nitamwita mnywanekta, yaani mnywaji wa maji matamu ya maua, maana ndiyo kazi yake: hufuata maua ya mikaratusi popote yanapochanua, kusini mashariki mwa Australia. Ni mweusi mwenye manjano mbawani na mkiani, na kifua chake kina madoa yaliyopangika kama magamba ya samaki, utadhani kuna mtu alikaa chini akamdarizi. Zamani waliruka kwa makundi ya mamia. Leo wanaobaki porini wanakadiriwa kuwa chini ya 400. Misitu yao ilifyekwa kupisha mashamba na malisho, na palipobaki miti ya kutawanyika, ndege wengine wagomvi huwafukuza kwenye maua.

Habari ya wimbo ilitolewa mwaka 2021 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, Ross Crates na wenzake. Waliwarekodi madume porini na kugundua kwamba karibu asilimia 12 hawakuimba kabisa wimbo wa jamii yao. Waliimba nyimbo za ndege wengine. Na dume mwenye wimbo usioeleweka hakuwa na bahati ya kupata jike wa kujenga naye kiota kama walivyopata wenzake.

Hapa nieleze kitu ambacho watu wa mchana hawakioni. Nyuma ya ukuta ninaoulinda kuna mti, na kwenye mti huo kuna ndege, jina lake silijui, anayeanza kuimba kabla hata weupe wa alfajiri haujaonekana. Mwaka jana walikuwa wawili. Mzee aliimba wimbo wake wote: sauti tatu za kupanda, kituo, kisha mteremko wa haraka kama shanga zinazomwagika sakafuni. Yule mwingine alipanda sauti mbili akakwama. Akanyamaza. Mzee akarudia. Kijana akaipata ya tatu, akauharibu mteremko. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Siku alipoimba wimbo wote bila kukosea nilikuwa nakabidhi lindo, nikamwambia mwenzangu, “Leo kaupata!” Naye akaangalia daftari akidhani nazungumzia funguo.

Ndivyo ndege waimbaji wanavyojifunza, kwa kumsikiliza mkubwa na kujaribu. Sasa chukua madume hao wachache, uwatawanye katika nchi pana kiasi kile, uone kijana atamsikia nani. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mnywanekta kijana hufunzwa na ulimwengu kwelikweli, anaokota sauti ya jirani yeyote aliye karibu. Kule Sydney, bustani ya wanyama ya Taronga imekuwa ikiwazalisha ndege hawa tangu 1995 na kuwarudisha porini, na imebidi makinda wafundishwe kuimba: kwanza kwa sauti zilizorekodiwa, baadaye kwa kuwekwa karibu na madume waliotoka porini, wawe walimu wao. Nilifurahi kusikia kwamba mwalimu aliye hai alifaa kuliko kinasa sauti.

Haya, nondo. Anaitwa nondo wa Bogong, kitaalamu Agrotis infusa. Ni wa rangi ya kahawia, na mabawa yakitandazwa hayafiki mbali zaidi ya sentimita 5. Angetua hapa getini mtu angempiga ufagio bila kuuliza. Kiwavi wake ni ndugu wa hawa viwavi wakata miche ambao wakulima huwaita sota, kwa hiyo hata mkulima wa huko hana sababu ya kumpenda. Lakini sikiliza anachofanya. Baridi inapoisha upande ule wa dunia, kuanzia Septemba, nondo hawa huondoka kwenye tambarare walikozaliwa, kusini mwa Queensland na magharibi mwa New South Wales na Victoria, wakaruka usiku kwa usiku hadi milima mirefu ya Australia. Wengine husafiri kilomita 1,000. Huko huingia mapangoni na katika nyufa za miamba, wakalala kiangazi chote kwenye ubaridi, kisha joto likipungua hurudi tambarare walikotoka, wakataga mayai na kufa. Idadi yao ilikuwa ikikadiriwa kufika bilioni 4.

Mapangoni hujipanga ukutani kama vigae vya paa, kichwa cha mmoja chini ya mabawa ya mwenzake, nondo 17,000 katika mita moja ya mraba. Nilipoisoma namba hiyo nilichukua chaki nikachora mraba wa mita moja kwenye sakafu ya kibanda changu, nikakaa nikiutazama. Nilijaribu kuujaza kwa akili nondo mmoja mmoja. Sikufika hata robo. Mraba ule niliuacha hadi mfagiaji alipoufuta.

Na njia anaijuaje? Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba nondo huyu anahisi usumaku wa dunia na kuulinganisha na anachokiona mbele yake. Mwaka 2025 kundi lilelile la Eric Warrant wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, likatoa jambo jingine. Walimweka nondo kwenye chombo kilichozimwa usumaku, wakamwonyesha juu yake mfano wa anga la usiku lenye Njia Nyeupe, ule ukanda mweupe wa nyota, na nyota zake. Nondo akaelekea kule anakopaswa kwenda kwa majira yale. Wakaligeuza anga, naye akageuka. Wakazivuruga nyota, akapotea. Ubongo wake ni mdogo kuliko punje ya mchele, Mhariri, na anasoma nyota.

Tena hana aliyemfundisha. Hili ndilo linalonifanya niwaweke hawa wawili meza moja. Mnywanekta bila mzee hana wimbo. Nondo, wazazi wake walikufa kabla hajatoka kwenye yai, safari yenyewe anaifanya mara moja tu maishani, na ramani anazaliwa nayo. Mtu angesema basi nondo yuko salama, kwamba wabaki wachache vipi, ujuzi hautapotea. Mimi mwenyewe nilifikiri hivyo.

Ukaja ukame wa 2017 hadi 2019. Tambarare zikakauka, viwavi wakakosa majani ya kula, na watu waliokuwa wakiyakagua mapango mwaka hadi mwaka, akiwemo mwanaikolojia Ken Green, wakamulika kuta na kukuta jiwe tupu. Mahali palipokuwa na nondo kwa maelfu, kulikuwa na mmojammoja. Kupungua kulitajwa kufikia asilimia 99.5. Ukame haukuwa sababu pekee, kwa sababu idadi yao ilikuwa imeanza kushuka taratibu tangu miaka ya 1980, na zinatajwa pia dawa za wadudu, kubadilika kwa mashamba, joto la dunia na taa za miji. Desemba 2021 nondo wa Bogong akaingizwa katika Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kama kiumbe aliye hatarini kutoweka. Mvua ziliporudi naye alirudi kiasi, lakini si kwa wingi wake wa zamani.

Sasa piga hesabu nami. Bilioni 4, ukiondoa asilimia 99.5, zinabaki milioni 20. Milioni 20! Kwa mnywanekta hiyo ingekuwa ndoto. Kwa namba hiyo mtu angeweza kusema nondo bado ni wengi, turudi kwa ndege. Ndipo naomba msomaji atulie, kwa sababu hapo ndipo sisi sote tunapokosea kuhesabu.

Kwenye miamba ya milima ileile anaishi mnyama anayeitwa posumu mdogo wa milimani, Burramys parvus, mwenye mfuko wa kubebea watoto na uzito wa gramu 45 hivi. (Alijulikana kwanza kwa mifupa ya kale mwaka 1895, watu wakamhesabu kuwa ametoweka zamani, hadi mwaka 1966 alipokutwa hai kwenye kibanda cha watelezaji wa theluji. Siwezi kumtaja bila kusema hilo.) Huyu hulala miezi chini ya theluji, na akiamka hana nguvu, ana njaa, na muda si mrefu ana watoto wa kunyonyesha. Wakati huohuo nondo ndio wanafika, wamenenepa kwa mafuta. Ni kana kwamba walikubaliana. Nondo walipokosa kufika, watafiti walikuta posumu jike wana watoto waliokufa mifukoni mwao. Posumu wenyewe walio wazima ni chini ya 2,000 duniani.

Watoto wale hawakufa kwa sababu nondo wa mwisho amekufa. Walikufa wakati nondo bado wapo, wakihesabika kwa namba ambayo sisi tungeiita kubwa. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Ukizitenganisha kinga, yaani vijiti vyenye moto, hujauzima moto kwa maji, kila kinga bado ina kaa lake, lakini chungu hakichemki. Nondo kazi yake mlimani hufanywa na mabilioni. Mnywanekta wimbo wake hutunzwa na makundi. Wote wawili waliumbwa kuwa wengi, na wingi wenyewe ulikuwa kiungo cha mwili wao, kama bawa. Ndege alipopungua alipoteza kitu kilicho ndani yake, ambacho ni wimbo. Nondo alipopungua hakupoteza chochote cha ndani, ramani anayo, nyota anazisoma, lakini mlima mzima ulipoteza chakula chake. Ugonjwa ni mmoja, dalili mbili.

Sisemi fedha za ndege zihamishiwe kwa nondo. Mwenye chini ya 400 ahudumiwe leo, tena asubuhi. Ninachokipinga ni mazoea ya kungoja mpaka kiumbe ahesabike kwa vidole ndipo tumwonee huruma. Kwa nondo, huruma ya namna hiyo itakuwa imechelewa.

Kwa nini ndege alipata ukurasa mzima na nondo hakupata? Nadhani najua. Ndege anaimba, na sisi ni watu wa kuimba, kwa hiyo wimbo ukipotea tunaona ni kama umepotea wetu. Nondo hana sauti. Hata jina lake Kiswahili kimevipa pia vyuma vya ujenzi, na ukimtaja mdudu mwenyewe mtu hukumbuka nguo zilizotobolewa kabatini. Na huko kwao vilevile. Jengo la Bunge la Canberra, mji mkuu wa Australia, lililofunguliwa 1988, lina taa kali, na nondo wa Bogong waliokuwa safarini wameingia humo kwa makundi wakaonekana kero. Mwaka 2000, kwenye sherehe ya kufunga Olimpiki za Sydney, nondo mmoja alimtua mwimbaji Yvonne Kenny akiwa anaimba mbele ya dunia. Alikaa pale, mama akaendelea na wimbo. Watu walicheka. Mimi nilipotumiwa picha ile niliona mdudu aliyekuwa akisoma nyota akakutana na uwanja mzima wa taa.

Kuhusu taa nina la kusema kwa macho yangu. Kwa miaka mingi niliamini nondo wanaipenda taa. Mwaka 2024 ulitoka uchunguzi uliotumia kamera za kasi ukaonyesha sivyo: mdudu arukaye usiku hugeuzia mgongo wake upande wenye mwanga, kwa sababu tangu zamani upande wenye mwanga usiku ulikuwa juu, mbinguni. Taa ikiwa pembeni, humchanganya asijue juu ni wapi. Baada ya kusoma hilo nilisimama chini ya taa yangu nikawatazama upya. Kweli kabisa. Nondo anapita karibu na taa analala ubavu, anaizunguka mgongo ukiwa kwenye taa. Akipita juu ya taa anapinduka tumbo juu na kuanguka kama aliyepigwa. Mmoja alianguka kwenye daftari langu la wageni lililokuwa wazi. Nilimwinua kwa ukingo wa karatasi. Alikuwa anatetemesha mabawa bila kuruka, kama injini inayopashwa joto, na kweli ndivyo wanavyofanya, hupasha misuli kabla ya kuondoka. Alipoondoka aliacha unga wa kijivu kwenye safu ya majina, magamba ya bawa lake, na nilipougusa ulibaki kwenye dole gumba ukimetameta. Nimewafagia asubuhi kwa miaka 19. Siku hiyo ndiyo niliyojua ninachokifagia.

Hapa kazini taa zilibadilishwa miaka michache iliyopita, zikawekwa nyeupe kali, sita, mbili kati yake zikimulika ukuta mtupu kwa urembo tu. Nilimwomba msimamizi wangu mbili hizo zizimwe usiku wa manane. Akanijibu kwamba mimi nimeajiriwa kulinda mali, si wadudu. Sikubishana naye. Nilimwandikia tena kwa adabu, nikaeleza kwamba mwizi haji kwa ukuta ule, na kwamba taa ile inaponipiga machoni ndiyo inayonifanya nisione gizani ng'ambo yake. Sijajibiwa. Kule Australia watu wa Zoos Victoria, shirika la bustani za wanyama, wamekuwa wakiwaomba wananchi wazime taa zisizo za lazima wakati nondo wa Bogong wakisafiri, na wanaomwona nondo wampige picha na kuripoti alipo. Ombi langu kwa msimamizi halikuwa kubwa kuliko hilo.

Basi ombi langu kwako, Mhariri. Mwandishi aliyeandika habari ya ndege anajua kuandika, nilimsikia yule ndege ingawa ilikuwa karatasi. Mpe nondo wa Bogong. Mpe nafasi ileile, ukurasa uleule wa ndani. Najua mtasema picha yake haitavutia, mdudu wa kahawia kwenye jiwe la kahawia. Msiweke picha ya nondo mmoja. Tafuteni picha ya ukuta wa pango ulivyokuwa umejaa, na kando yake ukuta uleule ulipokuwa mtupu.

Naandika hii saa kumi na nusu alfajiri. Yule ndege wa nyuma ya ukuta ameanza, na mwaka huu yuko peke yake. Kwa mteremko wake nadhani ni yule kijana. Kwenye taa wapo nondo watatu. Nimeweka kipande cha boksi upande mmoja wa taa ya kibanda changu, ile ambayo ninaruhusiwa kuigusa, na mwanga sasa unashuka chini kwenye daftari, haupandi juu.

Wako msomaji wa usiku,
Mlinzi